Mauaji Kama Burudani Katika Utamaduni wa Waingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, ni haki kuyaita mauaji burudani?

Ni haki, kwa sababu watu waliyalipia na wakayafurahia. Katika karne ya 19 Mwingereza wa kawaida aliweza kununua kwa peni moja karatasi yenye habari za mauaji ya karibuni, kulipa kiingilio akatazame sanamu ya nta ya muuaji, kutafuta nafasi kwenye dirisha linaloelekea gerezani ili amwone akinyongwa, kisha akarudi nyumbani na kinyago cha kauri cha kuweka sebuleni juu ya meko. Mambo hayo hayakufanywa kwa kificho, wala hayakuwa ya watu wachache waliopotoka. Yalifanywa na mafundi, watumishi wa majumbani, mawakili, wenye vyeo na familia zenye watoto. Majibu yafuatayo yanaeleza jinsi biashara hiyo ilivyokua hadi leo, na yatarudi mara kwa mara kwenye jambo ambalo kwetu ndilo kiini chake: kila burudani ilivyostawi, ndivyo muuaji alivyozidi kuwa maarufu na aliyeuawa akazidi kusahaulika.

Desturi hii ilianza lini?

Kutazama watu wakinyongwa ni desturi ya zamani. Mjini London wahukumiwa walibebwa kwa mkokoteni hadi Tyburn mpaka mwaka 1783, kisha kazi hiyo ikahamishiwa nje ya gereza la Newgate, na siku ya kunyonga ilikuwa siku ya umati, ya wachuuzi wa vyakula na ya wezi wa mifukoni. Hata hivyo, wengi walionyongwa zama hizo walikuwa wezi na waghushi, kwa kuwa sheria iliorodhesha makosa zaidi ya 200 yenye adhabu ya kifo. Makosa hayo yalipopunguzwa katika miaka ya 1820 na 1830, kitanzi kikabaki kuwa cha wauaji karibu peke yao, na macho ya umma yakawafuata wao.

Tukio lililodhihirisha mapema ukubwa wa hamu hiyo ni la Desemba 1811, katika mtaa wa Ratcliffe Highway mashariki mwa London. Usiku wa tarehe 7 waliuawa mwenye duka la nguo Timothy Marr, mkewe Celia, mtoto wao mchanga na kijana aliyekuwa akijifunza kazi dukani. Siku 12 baadaye watu watatu wakauawa katika nyumba ya vileo isiyo mbali na hapo. Mshukiwa, baharia John Williams, alikutwa amejinyonga gerezani kabla ya kesi kusikilizwa. Wakuu wa serikali, wakiona kwamba umma umenyimwa kitanzi chake, waliupitisha mwili wake mitaani juu ya mkokoteni siku ya mwisho ya mwaka, mbele ya umati uliokadiriwa kufikia watu 180,000, kisha ukazikwa kwenye njia panda na kuchomwa kigingi moyoni. Mwaka 1827 mwandishi Thomas De Quincey alichapisha insha iliyoyajadili mauaji kana kwamba ni moja ya sanaa, yenye mafundi na wahakiki wake. Alikusudia dhihaka, lakini alikuwa amewasoma vizuri wasomaji wake.

Karatasi za peni moja zilikuwa za namna gani?

Zilikuwa karatasi zilizochapwa upande mmoja tu, zenye picha iliyochongwa kwenye ubao, maelezo mafupi ya kesi, na mara nyingi shairi la majuto lililodaiwa kutungwa na mhukumiwa mwenyewe katika usiku wake wa mwisho. Ukweli ni kwamba mashairi hayo yalitungwa na watunzi wa kulipwa, hasa katika eneo la Seven Dials mjini London, ambako mchapaji James Catnach alijenga biashara kubwa. Picha moja ya mtu aliyening'inia iliweza kutumika kwa wahukumiwa wengi, mmoja baada ya mwingine, na karatasi yenye "maneno ya mwisho" ya mtu iliweza kuuzwa wakati mwenyewe angali hai.

Wauzaji walizitembeza mitaani wakinadi na kuimba. Henry Mayhew, aliyeandika katikati ya karne hiyo kuhusu maskini na wafanyakazi wa London, alizungumza nao, nao wakamweleza bila kuficha kwamba hakuna habari iliyouzika kama mauaji. Inasemekana kwamba karatasi kuhusu William Corder, aliyenyongwa mwaka 1828, ziliuzwa zaidi ya milioni moja, na zile za mume na mke wa ukoo wa Manning, walionyongwa mwaka 1849, zikafikia milioni mbili na nusu. Idadi hizo zilitoka kwa watu wa biashara yenyewe, na zinapaswa kupokelewa kwa tahadhari. Lakini hata tukizigawa kwa nusu, ni nyingi mno kwa nchi ambayo mwaka 1851, pamoja na Wales, haikufikisha watu milioni 18, na ambamo wengi hawakujua kusoma. Wasiojua kusoma walisomewa.

Kwa nini kisa cha Red Barn kinatajwa kuliko vingine?

Kwa sababu ndani yake kila aina ya burudani inaonekana kwa pamoja. Maria Marten, binti wa mwindaji wa fuko katika kijiji cha Polstead, wilayani Suffolk, aliondoka kwao mwezi Mei 1827 akitarajia kuolewa na William Corder, kijana wa familia ya wakulima wenye uwezo. Corder alimuua na kumzika katika ghala lililoitwa Red Barn, kisha kwa miezi kadhaa akawaandikia wazazi wake barua za kuwahakikishia kwamba binti yao yu mzima. Katika muda huohuo alitoa tangazo gazetini la kutafuta mke, akaoa. Aprili 1828 baba yake Maria alichimba ndani ya ghala na kuupata mwili, baada ya mama wa kambo kusema kwamba ameoteshwa mahali ulipo.

Kabla kesi haijaanza, michezo ya kuigiza kuhusu mauaji hayo ilikuwa tayari inaonyeshwa kwenye magulio na minadani, na mhubiri mmoja alikuwa amehubiri karibu na ghala mbele ya maelfu ya watu. Wageni waling'oa mbao za ghala kipande kwa kipande wakaenda nazo. Corder aliponyongwa mjini Bury St Edmunds tarehe 11 Agosti 1828, kamba iliyomnyonga ilikatwakatwa na kuuzwa. Mwili wake ulipasuliwa na madaktari, ngozi yake ikalainishwa, na sehemu yake ikatumika kujalidi kitabu cha habari za kesi hiyo. Kitabu hicho kipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Moyse's Hall, mjini humohumo.

Linalotusikitisha zaidi ni yaliyompata Maria baada ya kufa. Jukwaani aligeuzwa kuwa msichana mchanga asiyejua dunia, aliyelaghaiwa na tajiri mwenye umri mkubwa. Maria wa kweli alikuwa na miaka 25, mkubwa kuliko Corder kwa takriban miaka miwili, na alikuwa mama: alikuwa amezaa zaidi ya mara moja nje ya ndoa, na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa hai alibaki kwa babu yake. Mwanamke wa namna hiyo, mwenye maisha yenye mikunjo na majukumu, hakufaa kwa tamthilia, kwa hiyo akaondolewa na nafasi yake akapewa mwanasesere. Hata jiwe la kaburi lake lilimegwa na wageni waliotaka kumbukumbu, likaisha lote.

Je, hakuna aliyepinga kunyonga hadharani?

Walikuwepo, na baadhi yao walikuwa waandishi wakubwa. William Makepeace Thackeray alikwenda mwaka 1840 kutazama kunyongwa kwa François Courvoisier, mtumishi aliyemuua bwana wake, akarudi akiwa na aibu na kuandika kwamba anaomba Mungu amsahaulishe alichokiona. Charles Dickens alikuwepo siku ileile. Tarehe 13 Novemba 1849 Dickens alikwenda tena, safari hii nje ya gereza la Horsemonger Lane, kuwatazama Frederick na Maria Manning, waliokuwa wamemuua rafiki yao Patrick O'Connor na kumfukia chini ya sakafu ya jiko. Siku hiyohiyo aliliandikia gazeti la *The Times* barua kali, akisema kwamba uovu na wepesi wa umati ule ulikuwa wa kutisha kuliko kosa lililowapeleka wale wawili kitanzini. Katika barua hiyo hakudai adhabu yenyewe ifutwe. Alidai itekelezwe ndani ya kuta za gereza. Bunge lilikubali hoja hiyo mwaka 1868, na Michael Barrett, aliyenyongwa nje ya Newgate tarehe 26 Mei mwaka huo, akawa mtu wa mwisho kunyongwa hadharani Uingereza.

Umati ulifungiwa mlango, lakini hamu haikwisha. Ilihamia kwenye kurasa na kwenye kumbi. Ukumbi wa Madame Tussaud, uliokaa mtaa wa Baker kuanzia mwaka 1835, ulikuwa na chumba maalumu cha wauaji na ulinunua vitu vyao halisi. Mwaka 1890 ulinunua hata kigari cha mtoto kilichotumika kubebea maiti katika kesi ya Mary Pearcey, ambamo mama na mtoto wake mchanga walipoteza maisha.

Magazeti yalichangia nini?

Yalichukua nafasi ya karatasi za mitaani. Kodi zilizoyafanya magazeti kuwa ghali ziliondolewa hatua kwa hatua: ya matangazo mwaka 1853, ya stempu mwaka 1855, na ya karatasi mwaka 1861. Gazeti likashuka bei hadi peni moja na likahitaji wasomaji wengi ili liishi. Mwaka 1864 lilianzishwa *Illustrated Police News*, ambalo ukurasa wake wa mbele ulijaa michoro ya mauaji na maafa.

Msomaji aligeukaje kuwa mpelelezi?

Polisi ya London iliundwa mwaka 1829, na kikosi chake kidogo cha wapelelezi mwaka 1842. Kabla ya hapo kisa cha mauaji kilikuwa na dhambi, majuto na kitanzi. Sasa kikapata sehemu ya nne, yaani mwenye kufumbua fumbo.

Kisa kilichowasha moto ni cha nyumba ya Road Hill, mwaka 1860, ambako mtoto wa kiume wa miaka mitatu, Saville Kent, alitolewa kitandani usiku na kukutwa ameuawa katika choo cha nje. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa ndani, kwa hiyo muuaji alikuwa mmoja wa watu wa humo. Mpelelezi Jack Whicher alitumwa kutoka London akamshuku dada wa mtoto kwa baba, Constance, mwenye miaka 16, kwa kuwa gauni lake moja la kulalia lilikuwa halionekani. Umma ulikasirika kwamba askari, mtu wa tabaka la chini, anapekua nguo za binti wa nyumba ya heshima. Constance akaachiliwa, na jina la Whicher likaharibika. Wakati huohuo wananchi kutoka kila upande wa nchi waliandika barua magazetini na serikalini, kila mmoja akimtaja muuaji wake. Mwaka 1865 Constance alikiri mwenyewe, akahukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo, akakaa gerezani miaka 20. Riwaya ya upelelezi ya Kiingereza imetoka katika joto la kisa hicho: nyumba iliyofungwa, familia yenye siri, na msomaji anayehesabu ushahidi mdogomdogo. Saville, mtoto wa miaka mitatu, amebaki kuwa mwanzo tu wa fumbo hilo.

Na mauaji ya Whitechapel ya mwaka 1888?

Wanawake watano wanaohesabiwa kwa kawaida ni Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly, waliouawa kati ya tarehe 31 Agosti na 9 Novemba. Tunawataja wao kwanza kwa makusudi. Jina la muuaji ambalo dunia nzima inalijua, Jack the Ripper, ni la kubuni, lililotoka kwenye barua iliyopelekwa kwa shirika la habari mwezi Septemba, na maofisa wa polisi wa wakati huo waliamini kwamba barua hiyo iliandikwa na mwanahabari. Kama waliamini sawasawa, basi mhusika maarufu kuliko wote katika historia ya uhalifu wa Uingereza ni zao la chumba cha habari.

Kwa zaidi ya karne moja vitabu vimeshindana kumtambua muuaji, na waliouawa wakatajwa kwa sentensi moja tu, kwamba walikuwa makahaba. Mwaka 2019 mwanahistoria Hallie Rubenhold alichapisha kitabu kinachofuatilia maisha yao, akionyesha kwamba kwa watatu kati yao hakuna ushahidi thabiti wa dai hilo, na kwamba umaskini, ulevi na ndoa zilizovunjika ndivyo vilivyowafikisha kulala mitaani au kwenye nyumba za malazi ya bei nafuu. Kitabu kilipata tuzo kubwa, na kikapata pia ukinzani mkali kutoka kwa baadhi ya watu waliotumia miaka mingi kumtafuta muuaji.

George Orwell alisema nini kuhusu jambo hili?

Mwaka 1946, katika insha iliyotoka kwenye gazeti la *Tribune*, Orwell alieleza picha ya mtu aliyekula chakula kizuri cha Jumapili, akajinyoosha kwenye kiti na kiko mdomoni, akafungua gazeti atafute habari za mauaji. Alidai kwamba zama bora za mauaji hayo, kwa macho ya msomaji huyo, zilikuwa takriban kati ya miaka 1850 na 1925, na kwamba kisa kilichopendwa kilikuwa na sifa zinazofanana: muuaji wa tabaka la kati, nyumba ya heshima, sumu, na hofu ya kuaibika mbele ya majirani. Tunaona kwamba aligusa ukweli mzito. Msomaji hakuvutwa na damu peke yake. Alivutwa na kuona pazia la nyumba inayofanana na yake likifunuliwa. Ndiyo maana kesi ya Edith Thompson na Frederick Bywaters, walionyongwa kwa wakati mmoja katika magereza mawili tofauti tarehe 9 Januari 1923, iliwasisimua watu kwa barua za mapenzi zilizosomwa mahakamani, kuliko kwa kifo cha Percy Thompson, mume aliyechomwa kisu njiani akitoka kutazama tamthilia.

Kwa nini riwaya za Agatha Christie hazitishi?

Kwa sababu zimejengwa juu ya fumbo, na fumbo linadai msomaji asimlilie marehemu. Christie alijifunza sumu alipofanya kazi katika duka la dawa la hospitali mjini Torquay wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1920. Wasomaji wa miaka iliyofuata walikuwa watu waliozika vijana wengi mno, na tunaamini kwamba kifo chenye sababu, chenye mhusika na chenye jibu mwishoni kiliwapa utulivu ambao vita viliwanyima. Hatuoni aibu yoyote katika hilo. Mchezo wa mezani wa Cluedo, uliobuniwa na Anthony Pratt wa Birmingham wakati wa Vita vya Pili na kuuzwa kuanzia mwaka 1949, uliifikisha kanuni hiyo mwisho wake: wachezaji ni washukiwa, vyumba na silaha vipo, lakini aliyeuawa hana hata kete.

Mfano unaotugusa kuliko yote ni tamthilia ya Christie *The Mousetrap*, iliyoanza kuonyeshwa London tarehe 25 Novemba 1952 na ambayo hakuna tamthilia nyingine duniani iliyoonyeshwa kwa muda mrefu kama yenyewe, ingawa ilisimama wakati wa janga la UVIKO-19 kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2021. Watazamaji huombwa wasimfichulie mtu mwisho wake, na kwa kizazi baada ya kizazi wamelitii ombi hilo kwa furaha. Lakini mzizi wa hadithi hiyo ni kifo cha kweli cha Dennis O'Neill, mvulana wa miaka 12 aliyekuwa chini ya uangalizi wa serikali ya mtaa, akapelekwa kulelewa katika shamba moja wilayani Shropshire, akanyimwa chakula na kupigwa hadi akafariki Januari 1945. Kifo chake kilisababisha uchunguzi wa serikali na kuchangia kupatikana kwa sheria ya watoto ya mwaka 1948. Mamilioni wameitunza siri ya tamthilia. Wachache mno kati yao wanalijua jina la mtoto huyo.

Je, desturi hii iliwahi kugusa fasihi ya Kiswahili?

Iligusa upande wa mpelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda shindano la uandishi la miaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, alimleta Bwana Msa, mvuta kiko mwenye akili kali na mwenzake Najum, na wahakiki wameona ndani yao alama za Sherlock Holmes na Watson. Hata hivyo Bwana Msa ni mtu wa Unguja kwa lugha, kwa utani na kwa namna anavyowajua watu, na kinachofumbuliwa mara nyingi ni nasaba na mali za ukoo.

Je, anayependa visa vya mauaji ana kasoro ya tabia?

Hatuamini hivyo. Hamu ya kujua nani aliua na kwa nini ni jamaa wa hamu ya haki, na macho ya umma yamewahi kuokoa. Timothy Evans alinyongwa mwaka 1950 kwa kifo cha binti yake. Miaka mitatu baadaye jirani yake wa nyumba hiyohiyo, John Christie, akagundulika kuwa muuaji wa wanawake kadhaa. Waandishi hawakuliachia jambo hilo, Evans akapewa msamaha mwaka 1966, na kisa chake kilikuwa hoja nzito katika kusimamishwa kwa adhabu ya kifo kwa mauaji mwaka 1965. Tunachokipinga ni ile namna ya kusimulia inayompa muuaji jina la utani, sanamu na matembezi ya watalii, na kumwachia aliyeuawa picha ya maiti tu. Podikasti na vipindi vya runinga vya leo vina uchaguzi uleule waliokuwa nao wachapaji wa Seven Dials.

Je, leo inawezekana kuigiza kesi ya mauaji kabla ya hukumu?

Zamani iliwezekana. William Weare alipouawa Oktoba 1823 na John Thurtell, ukumbi wa Surrey mjini London ulionyesha tamthilia ya mauaji hayo kabla ya kesi kusikilizwa, ukiwa umeweka jukwaani farasi na kigari halisi vilivyotumiwa na muuaji. Mahakama iliisimamisha, lakini Thurtell alipokwisha kunyongwa Januari 1824 ikarudi jukwaani. Mwaka 1856 Bunge lililazimika kutunga sheria ili daktari William Palmer, aliyeshtakiwa kwa kumlisha rafiki yake sumu, ashtakiwe London, kwa hofu kwamba wakazi wa Staffordshire walikuwa wamekwisha kumhukumu kwa yale waliyoyasoma na kuyasikia.

Siku hizi jambo hilo linatawaliwa na sheria ya mwaka 1981 ya kudharau mahakama. Kuanzia mtu anapokamatwa, ni kosa kuchapisha lolote linaloleta hatari kubwa ya kuipotosha kesi yake kwa uzito, hata kama mchapishaji hakukusudia. Mwaka 2011 Mahakama Kuu iliyatoza faini magazeti mawili ya kitaifa kwa namna yalivyomwandika mtu aliyekamatwa wakati polisi wakichunguza mauaji ya msichana mmoja mjini Bristol. Mtu huyo aliachiliwa bila kushtakiwa, kwa kuwa hakuhusika kabisa, na muuaji wa kweli alitiwa hatiani mwaka huohuo.